Siku Nilipofungua Kamera Mbele ya Mtaa

Kuna aibu ambayo mtu huizika ikaota nyasi, na kuna hii yangu, ambayo kila nikitoka mlangoni hapa mtaani Kuze yupo mtu wa kuifukua, basi bora niieleze mwenyewe kabla hamjaisikia kwa wenye kutia chumvi.

Mimi shule niliiacha darasa la saba kule Mariakani, na tangu hapo sijakaa kazi moja ikanizoea: nimekuwa utingo wa lori, nimepaka rangi mashua Liwatoni, nimelinda lango la jumba moja Kizingo ambako watu hutoa gari kwenda kununua mkate (na huko ndiko nilikopata kamera, mwenye nyumba alipohama akaniambia, chukua hiki kama chakufaa). Ilikuwa kamera ya zamani, zile za kutia mkanda, isiyo na kioo cha kukuonyesha ulichopiga. Unapiga, unavuta kimkono, namba inasonga, kisha unangoja mpaka mkanda ukasafishwe ndipo ujue una nini. Niliipenda kwa hilo hasa. Siku hizi kila mtu na simu yake, apiga ishirini afuta kumi na tisa, nami nikajiona mtu wa subira, nikaanza hata kuwafundisha watu mambo ya mwanga, mimi ambaye kitabu cha picha nilichosoma ni kimoja, nacho hakikuwa na jalada wala kurasa za mwanzo (zikumbukeni hizo kurasa za mwanzo).

Chumba nilipanga kwa Bi Rukia, mjane mtu mzima, na siku ya kwanza alinipa sharti moja tu.

"Karisa mwanangu, nyumba zetu hizi zimeegemeana. Ukipanda darini, kule juu kunakoanikwa nguo, kabla hujafungua mlango wa juu, piga hodi kwa sauti, wanawake wa jirani wapate kujistiri. Hodi, si kikohozi."

Nikapiga hodi miezi minne bila kukosa.

Mkanda ule, namba ilipofika thelathini na moja, niliuona una mali kuliko kitu chochote nilichopata kumiliki. Walikuwamo wachukuzi wa samaki wa Liwatoni, niliowainulisha nguru mmoja mara tatu mpaka wakanitukana. Alikuwamo Mzee Twaha, muuza kahawa wa pale chini, akipuliza makaa. Na zaidi ya wote alikuwamo Bi Rukia, ambaye hakupigwa picha tangu mumewe alipofariki, akajifukiza udi, akavaa leso mpya, akakaa dirishani bila kupepesa, kwa sababu dadake aliye Lamu hajiwezi tena kusafiri na amemwomba picha. "Aone bado nina meno," aliniambia.

Sasa, juu ya nguzo ya umeme iliyo karibu na dari letu, kunguru alikuwa amejenga kiota kwa nyaya na vitundikio vya nguo alivyoiba mtaani, kiota kizuri kuliko vitanda nilivyolalia mimi, na kila nikipiga hodi asubuhi yeye huruka. Siku hiyo nikajiambia, leo tu, mara moja, nisipige. Nikavua viatu nisisikike, nikavishika mkononi, nikapanda ngazi peku kama mwizi, nikaviweka juu ya ukuta wa ukingoni, nikalenga.

Naapa nilimwona kunguru peke yake. Nyuma ya kunguru, kwenye dari la jirani yetu Bi Zuhura, bintiye alikuwa ameketi nywele wazi, uso umepakwa singo ya kulainisha ngozi, mwali wa kufichwa ambaye harusi yake ilikuwa Ijumaa ile na hata wajomba zake hawakuwa wakimwona. Nikapiga.

"Uuuwi! Mwanamume darini! Na kamera!"

Kunguru akaruka, nami nikafuata, na katika kugeuka nikakipiga kiatu kimoja kikaenda chini. Nilipofika mlango wa chini Mzee Twaha, ambaye (sikuwa najua) ni ami yake bibi harusi, alikuwa amekishika kwa vidole viwili.

"Chako hiki?"

"Changu, mzee."

"Kimetua kando ya birika langu. Na mwenyewe ulipanda peku?"

Kichochoro kikajaa. Bi Zuhura akashuka na buibui lake.

"Toa hiyo picha ya mwanangu. Ifute hapa hapa, nikiona."

"Haifutiki, mama. Hii haina kioo, ni ya mkanda."

"Kamera gani haina kioo? Wanifanya mjinga?"

"Kweli asemayo," akasema Mzee Twaha, "za zamani zilikuwa hivyo. Lakini ukiifungua juani, mkanda wote waungua. Fungua."

Nikaishika kamera kifuani. Nilikuwa namfikiria Bi Rukia dirishani na dadake kule Lamu, lakini watu waliona kimya tu, na kimya cha mtu aliyepanda peku kina maana moja. Mmoja akasema nitolewe mtaani na mizigo yangu. Ndipo Bi Rukia akatokea mlangoni nyuma yangu.

"Fungua, Karisa."

"Bi Rukia, na picha yako imo."

"Yangu na ife. Mtoto wa watu asiolewe na maneno nyuma yake."

Nikatoka juani, nikavuta kifuniko cha nyuma.

Mkanda ulikuwa umelala ndani ya kikopo chake, umetoa ulimi kidogo, vile vile nilivyoutia wiki tano nyuma. Haukuwa umeshika kwenye kile kigurudumu cha kuuvuta. Haukuwa umesonga hata kidogo; iliyosonga ni namba tu. Nilikuwa nimepiga picha thelathini na mbili za hewa.

Mzee Twaha akainama, akachungulia, akaniangalia. "Sasa huu ulimpiga nani?"

"Hakuna mtu, mzee."

"Hata mimi?"

"Hata wewe."

Bi Zuhura ndiye aliyeanza kucheka, akakaa kabisa kwenye baraza, akashika mbavu, na kichochoro chote kikamfuata. Nilikuwa nimeokoka, na ningeona afadhali wangenipiga. Bi Rukia hakucheka.

"Karisa," akasema polepole, "udi wangu ule ulinukia wapi?"

Sikufukuzwa. Nilipiga hodi mlangoni kwa Bi Zuhura, nikaomba radhi nimeangalia chini, akanijibu kwamba picha za harusi wameshapata mtu wa kupiga, asante.

Basi nimejiapiza: sipandi dari bila hodi, hata kama kunguru ataruka milele, na sipigi picha bila kutazama kile kirungu cha juu kushoto, ambacho mkanda ukishika huzunguka (ilikuwa kwenye kurasa za mwanzo, bila shaka). Hodi yangu siku hizi hujibiwa kutoka madari matatu: "Pita, Karisa! Mkanda umeshika?"

Bi Rukia alikubali kukaa dirishani tena, udi mpya, leso ile ile. Safari hii hakutazama jicho la kamera, alitazama kirungu, na ndivyo alivyotoka: macho upande, amekaza uso kama askari wa forodha. Dadake akapiga simu kutoka Lamu akauliza, mbona umekasirika?

"Sikukasirika," Bi Rukia akamjibu, ananitazama mimi. "Nalikuwa nikilinda."