Pua ya Fundi wa Mlangilangi

Miaka ya mwanzo ya uhuru nilikuwa karani katika ofisi ya kazi ya mji wa bandari wa Mahajanga, na mkuu wangu mpya akanikabidhi kitu alichokiita baraza la usuluhishi. Baraza lenyewe lilikuwa mimi, meza, benchi moja na fomu ya Kifaransa yenye mstari wa kuandika nani mkosaji.

Shauri la kwanza lilinishinda. Mafundi cherehani wawili walikuwa wamegombana. Niliwasikiliza mmoja mmoja, kisha nilipowakutanisha nikaropoka: "Lakini mwenzako mwenyewe amekiri kwangu kwamba anakuonea wivu!" Wakaondoka wote wawili, wakiwa angalau wamekubaliana jambo moja, kwamba mimi ni mpumbavu. Mkuu wangu alicheka hadi akavua miwani. "Unachoambiwa faraghani," alisema, "kiache huko huko."

Wiki chache baadaye alinipeleka kisiwani Nosy Be. Katika shamba moja la mlangilangi, mama aliyewaongoza wachumaji alikuwa amegoma pamoja na watu wake. Fundi aliyechemsha maua ya miti hiyo kutoa mafuta ya manukato alikuwa ameyamwaga maua yao siku tatu mfululizo.

Nilianza na yule mama, kwa Kisakalava, lugha yake. "Maua yangu yanachumwa alfajiri," alisema. "Yeye anasema yameoza, mbele ya watu wangu! Miaka yote tumefanya kazi bila neno baya."

Fundi alikuwa mtu wa kijiji cha Marodoka, wa asili ya Komoro kama mimi, kwa hiyo tuliongea lugha ya nyumbani. Aliyalaumu maua kwa muda mrefu. Safari hii nilimwacha aseme yote. Mwishowe akaokota ua moja, akaniwekea puani.

"Linanukaje?"

"Vizuri sana."

"Mimi sisikii kitu. Tangu yale mafua ya msimu wa mvua." Akanishika mkono. "Meneja akijua, nimekwisha."

Mafuta ya mwanzo ndiyo bora, na fundi ndiye anayenusa ajue wakati wa kubadilisha chombo cha kukingia, ili hayo yasichanganyike na ya baadaye. Bila pua, alikuwa anakisia, na kila mafuta yalipoharibika aliyasingizia maua.

Jioni ile ulimi uliniwasha kweli. Neno moja tu kwa yule mama, na ugomvi ungekwisha! Nilijilazimisha kwenda kuogelea.

Asubuhi niliwakutanisha, fomu nikaiacha mkobani. Niliweka sharti moja: kabla ya kujibu, urudie alichosema mwenzako mpaka akubali kuwa umemwelewa. Mama akasema yake. Fundi akaanza kurudia, "Unasema nimekuaibisha mbele ya watu wako..." Akatazama chini.

"Dada, sisikii harufu."

"Harufu ya nini?"

"Ya chochote. Maua, moshi, samaki."

Mama akafikiri kidogo. "Na kahawa?"

"Hata kahawa."

"Pole sana, kaka," alisema kwa upole. Kisha akashtuka. "Kumbe maua yangu ulikuwa unayamwaga kwa kubahatisha!"

"Kwa kubahatisha," alikiri fundi, na uso wake ulikuwa wa huzuni kiasi kwamba mama akaangua kicheko. Fundi naye akacheka. Mimi nikajidai natafuta kalamu.

Baada ya hapo hawakunihitaji sana. Walikubaliana kwamba fundi ataomba radhi mbele ya wachumaji, atabaki na moto wake, na mama atakuja kunusa kila inapofika saa ya kubadilisha chombo. Kuhusu meneja, fundi aliamua kwenda kumwambia mwenyewe, nasi tukamsubiri nje. Meneja alinung'unika, akauliza maswali mengi, kisha akasema kama mafuta yatakuwa mazuri, yeye hana neno.

Yalikuwa mazuri. Nilipopita tena msimu uliofuata, wafanyakazi walikuwa wakimwita yule mama "fundi", na yule bwana "mzee wa moto". Nilimuuliza kama jina hilo linamuudhi. Akacheka, akatia kuni nyingine, akaniambia nikae upande wa pili, moshi ulikuwa unanijia.