Makochi ya Njano, Ukuta wa Zambarau

Fundi rangi huyu ni mwanamke, na mdomo wake mkali kuliko tapentaini. Miaka kumi na moja anapanda ngazi, na mpaka leo kuna wajinga wanaosimama chini kumuuliza kama mume wake anajua aliko. Huwa hawajibu. Brashi ndiyo inajibu, tone moja tu, juu ya kiatu kilichopigwa kiwi.

Ana utaratibu wake. Rangi ya ukuta haichagui kwenye vikadi vya dukani. Anapaka kipande cha plaiwudi, anakiegemeza nyuma ya kochi, anakitazama asubuhi, anakitazama jioni. Kochi likiwa na rangi ya kupiga kelele, ukuta anaunyamazisha. Basi. Hilo halitaki chuo, linataka macho.

Sasa akapata sebule ya mama mmoja mwenye makochi mapya. Mapya! Yana miezi minne na bado yamevaa nailoni ya dukani, imefubaa, imejaa vumbi na alama za vidole, ukikaa inalia kama umekanyaga mfuko mtupu wa saruji. Chini ya uchafu ule makochi yalionekana njano iliyopoa. Jumamosi wakwe wa binti yake walikuwa wanakuja kutembea, kwa hiyo ukuta ulitakiwa upesi. Na mshauri alikuwepo: shemeji wa mama huyo, kipara mwenye gesti, mtu anayejua kila kitu kwa sababu simu yake ina kioo kikubwa.

"Zambarau," shemeji akasema, hata kukaa hajakaa. "Ndiyo inayokwenda na njano iliyopoa. Nimeona kwenye simu."

"Bosi, hiyo njano haijapoa, imefunikwa. Mama, tuchane kidogo hapo kwenye mkono wa kochi nione."

"Uchane nini? Nailoni inatoka Jumamosi, wageni wakiwa njiani! Unataka yachafuke?"

"Basi angalau nipake kipande cha..."

"Fundi, we paka," shemeji akamkata. "Kufikiri tutafikiri sisi. Sebule hii ikipendeza, gesti yangu yote yako. Vyumba ishirini."

Ishirini! Tangu aanze hajawahi kupewa zaidi ya vitatu kwa mpigo. Kwa kazi ile angeacha kubembeleza watu milangoni, angekuwa na mafundi chini yake. Basi mdomo ule mkali ukafungwa. Akapaka zambarau kuta zote nne, mkono wa kwanza, mkono wa pili, safi kabisa.

Jumamosi mama akashika mkasi. Nailoni ikaanguka. Lahaula! Njano ya kuumiza jicho, na zambarau nyuma yake inaichochea. Sebule nzima ikawa ganda la peremende. Mama akakaa sakafuni, makochi yake mwenyewe yanamtisha.

"Fundi kakosea kuchanganya," shemeji akasema, upesi, kama neno lilikuwa tayari ulimini. Kisha akamvuta fundi koridoni. "Dada, kubali tu. Sema ulizidisha. Jumatatu njoo gesti na ngazi yako."

Fundi akamtazama kutoka viatu mpaka kipara. Huyu ndiye bosi wa vyumba ishirini! Bomba likivuja, kosa la fundi. Kitasa kikilegea, kosa la fundi. Hata hivyo alirudi sebuleni akiwa na nia ya kukubali, tusidanganyane. Miguu ilifika. Mdomo ukakataa.

"Mama, rangi uliyoagiza ndiyo hiyo iliyoko ukutani, kopo liko nje, kalitazame. Shemeji yako kachagua rangi ya kuendana na vumbi. Na wewe umemsikiliza kwa sababu yeye ana gesti, mimi nina ngazi."

Mama akanyoosha kidole mlangoni. "Toka kwangu!" Kidole hakikumwelekea shemeji. Watu wa namna hii ndivyo walivyo.

Gesti akapewa fundi mwingine, mmoja wa wale wa kuitikia "sawa bosi" kabla hawajaulizwa. Yeye akarudi kwenye mageti na chumba kimoja kimoja, na usiku... hapana, mchana kweupe, juu ya ngazi, alilia kwa hasira mpaka akashikwa na kwikwi. Wiki ya pili shemeji akamtumia ujumbe: aende akaombe radhi, huenda akabakiziwa vyumba vya nyuma.

Akaufuta kabla hajamaliza kuusoma.