Herufi Nyembamba za Ajwang

Ajwang alikuwa akiandika mabango Makongeni tangu kabla hajaolewa, na herufi zake zote zilikuwa nene, za kusomwa kutoka ng'ambo ya barabara. Siku moja alienda Ruiru kununua rangi, akapita duka la magauni ya harusi, akasimama. Jina la duka lilikuwa kwenye kioo kwa herufi nyembamba kama uzi, pana, zimeinamia kulia, bila vimistari kama vikucha kwenye ncha. Alizifuata kwa kidole. Kitu chembamba hivyo kimejazaje kioo kizima?

Kui, mwenye duka, akatoka. "Mathe, unatafuta gauni?"

"Namtafuta aliyeandika hii."

Kui alicheka, akamwelekeza ghorofani kwa Wanyoike, kijana anayetengeneza mabango kwa kompyuta.

"Hizi ulizisukuma tu zikalala?" Ajwang aliuliza hata kabla ya kukaa.

"Zii, sikuzisukuma. Cheki nikizisukuma." Wanyoike aliandika O iliyosimama wima, akailaza. Ikawa kama yai linaloporomoka, nene upande mmoja, jembamba upande mwingine. Kisha akaweka O ya fonti yenyewe, ule mtindo wa herufi za kiooni, akaikuza. Hiyo ilichorwa upya, mstari wake ukizunguka laini, unene ni ule ule.

"Na hizi nafasi katikati, mbona kubwa?"

"Hapo hata mimi sijawahi kuangalia," Wanyoike alikiri. Wakasogeza viti, wakaangalia. Walipozibana herufi, neno zima likasongamana kama uzio wa nyaya. Walipoziachanisha, likapumua.

Ajwang alirudi nyumbani akajizoeza kwenye vipande vya mbao. Mstari mwembamba ulianika kila mtetemeko wa mkono wake, hadi alipojifunza kuvuta brashi kwa bega, si kwa vidole.

Alipopata kazi kwenye bucha ya Njau kule mtaa wa Landless, hakuweza kujizuia. Alimwandikia jina kwa herufi zile. Njau alivuka barabara kutazama, akarudi mikono kiunoni.

"Haiya, Ajwang! Umekondesha nyama yangu! Kutoka pale naona ukuta tu."

Ajwang naye alivuka. Kweli, ukuta mtupu. Aibu ilimshika, lakini udadisi ukaishinda. Akarudi pole pole akitafuta zinapoanza kuonekana. Zilijitokeza karibu kabisa na mlango. Jioni hiyo hiyo alipaka upya, nyekundu, nene, na Njau akamfungia matumbo ya kupeleka nyumbani.

Basi zinafaa wapi? Swali hilo alitembea nalo hadi Magdalene, muuguzi wa zahanati ndogo ya uzazi Kalimoni, alipomwita. Alitaka neno moja tu, "Pumua", kwenye ukuta unaotazamana na vitanda. Ajwang alilala kwenye kitanda kitupu, akapima kwa macho. Ni karibu. Neno ni fupi. Ukuta ni mpana.

Aliliandika kwa buluu hafifu, kutoka dirishani hadi kabatini. Mama mmoja mjamzito, akitembea huku ameshika kiuno, alisimama kutazama.

"Mbona zimeinama?"

"Wewe unazionaje?"

Mama alifikiri. "Kama zinaenda mahali. Lakini hazikimbii."

Magdalene alifurahi, akaomba mlango wa dharura uandikwe vivyo hivyo.

"Huo hapana, sista," Ajwang alisema, akichukua brashi pana. "Huo mtu ausome akikimbia."