Kutembea Tu, Si Kukimbia

Baba alitutangazia habari ya likizo tukiwa tunakula, na tonge langu likabaki juu ya bakuli la sombe, mboga yetu ya majani ya mihogo. Alisema kabla shule hazijafunguliwa tutapanda boti wote, tuvuke ziwa Tanganyika mpaka Kigoma, tukae siku tatu kwenye nyumba ya wageni iliyo ufukweni. Tutaogelea, tutakula, tutalala mchana, kisha tutarudi kwetu Baraka. Mama alimtazama kama anavyomtazama muuza samaki anayeapa kwamba ndagala wake ni wa leo.

"Vakansi gani?" akauliza. "Umesikia nini mu radio?"

"Sikusikia kitu. Ni kutembea tu. Bantu banatembeaka."

"Bantu gani benye banatembeaka? Utaye jina ya mumoja tu."

Baba akaendelea kula.

Ulikuwa mwaka wa tisini na nane. Vita vya kwanza vilikuwa vimetupitia miaka miwili nyuma, tukakimbilia milimani, Lubondja, tukarudi na kukuta nyumba haina milango. Baba alitengeneza milango mipya, akarudi kufundisha darasa la tano, na watu wakaanza tena kulima. Lakini hakuna aliyekuwa anaamini kimya kile. Mtu wa Baraka alivuka kwenda Kigoma akiwa na mafuta ya mawese ya kuuza, au akiwa na mgonjwa, au akiwa anakimbia. Kuvuka ili kulala mchana, hilo halikuwahi kusikika.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili, na nilikuwa mtu wa shaka kuliko mama. Nadhani hata leo ndivyo nilivyo, mtu akinipa zawadi naigeuza kwanza nione upande wa nyuma. Nilijua kwamba watu wazima wakitaka kukimbia hawawaambii watoto. Safari ya Lubondja walituambia tunaenda kuchuma mahindi.

Nyumba ya wageni ilikuwa ya mfanyabiashara mmoja mwenye boti, ambaye baba aliwafundisha watoto wake wote. Alimwambia baba boti itakuwa na nafasi na nyumba itakuwa tupu, aje na familia yake apumzike. Baba alinunua daftari jipya na kuandika juu ya jalada, kwa mwandiko wake wa ubaoni: Programu ya Vakansi. Siku ya kwanza, kuoga ziwani na kupumzika. Siku ya pili, kutembelea soko na stesheni ya treni. Siku ya tatu, kuoga tena. Kila jioni alitusomea, akifuta hiki na kuongeza kile, na wadogo zangu wawili wakapiga makofi. Mama aliuliza tutaogelea na nguo gani mbele za watu. Baba akasema kule watu wanaogelea na nguo fupi. Mama akasema basi yeye ataketi kwenye mchanga amejifunga kikwembe chake kiunoni mpaka safari iishe.

Sababu yenyewe ya safari aliisema mara moja tu, akimwambia mama, nami nilikuwa nyuma ya dirisha nikisikiliza kama kawaida yangu.

"Mama yangu alikimbia mara mbili," alisema. "Napenda asafiri hata mara moja tu bila kukimbia."

Maneno mazuri. Sikuyaamini.

Mama yake baba tulimwita Koko, kama watoto wengi wa kwetu wanavyowaita bibi zao. Alilala kwenye chumba kidogo kando ya jiko, na mimi nililala naye. Aliniita muke mwenzake na kunilaumu kwamba nimemnyang'anya babu, ingawa babu alikufa kabla sijazaliwa. Katika vita vya miaka ya sitini, Koko aliingia msituni na mtoto mgongoni, akatoka bila mtoto. Safari ya Lubondja yeye ndiye aliyebebwa mgongoni, na baba, kilima baada ya kilima, na aibu ile haikumtoka. Tuliporudi alikaa mlangoni, kwenye nafasi ya mlango ulioibwa, akatuambia sote kwamba hatakimbia tena. Kitakachokuja kimkute pale.

Kwa hiyo baba alipomweleza habari ya likizo, Koko alimkazia macho.

"Kama ni kutembea, mi naenda," alisema. "Kama ni kukimbia, muniache hapa hapa."

"Ni kutembea, Mama."

"Unaapa?"

Baba akaapa. Koko akaamini, maana ni mwanawe, na tangu siku hiyo akawa kama msichana anayengoja harusi. Alifua kikwembe chake cha Krismasi na kukianika, akakiondoa jua lisikipaushe, akakianika tena. Aliniuliza kama stesheni ya treni ina viti. Siku mbili kabla ya safari alimenya mihogo, mingi, ya kutosha nyumba nzima, akailoweka kwenye pipa nyuma ya jiko. Mihogo hukaa majini siku tatu hadi tano mpaka ilainike, ndipo huanikwa na kutwangwa unga. Alipiga hesabu kwamba tukirudi itakuwa tayari, tusikae na njaa. Mtu anayekimbia haloweki mihogo, kila mtu wa kwetu anajua hivyo. Lakini mihogo ile ilikuwa ya Koko, na mimi nilikuwa nachunguza mizigo ya baba na mama.

Baraka tulikuwa tunasoma mizigo. Anayekwenda kumtembelea ndugu hubeba kuku na nguo. Anayekwenda sokoni hubeba debe na gunia. Anayekimbia hubeba sufuria na godoro, kwa sababu hajui atapika wapi wala atalala wapi. Ukiona sufuria kichwani mwa jirani huulizi kitu, unarudi ndani kuchukua yako.

Majirani walishaanza kupita kwetu kwa visingizio. Mmoja alikuja kuazima ungo ambao hakuwa na haja nao, akakaa nusu saa, kisha akasema polepole, "Mwalimu, utuambie na siye bengine. Iko nini inakuya?" Baba akacheka, akamletea daftari amsomee programu. Jirani akasikiliza mpaka mwisho, akashukuru, akaondoka na uso uleule aliokuja nao. Na ungo akausahau.

Kisha ikaja karatasi ya kuvukia. Baba alitoka ofisini nayo mkononi na mimi nikaisoma kabla hajaikunja. Mahali pa sababu ya safari paliandikwa: matibabu. Nikamuuliza nani mgonjwa. Alicheka akasema karani amekataa kuandika likizo, kwamba hajawahi kuandika neno hilo kwenye karatasi ile na mkubwa wake atamuuliza maswali. Nilitikisa kichwa kama niliyeelewa. Moyoni nilisema, huyu ameanza kuandika uongo kwenye karatasi za serikali.

Siku ya safari, boti ilikuwa iondoke alasiri. Saa sita mchana niliingia chumba cha baba na mama kutafuta kiatu cha mdogo wangu. Nyuma ya mlango, chini ya shuka, nikaona sufuria yetu kubwa imefungwa kwa kamba, na ndani yake vijiko na mwiko. Kando yake, godoro moja limekunjwa na kufungwa kwa mpira wa baiskeli. Niliketi kitandani. Nitasema ukweli, pamoja na hofu nilisikia raha. Nilikuwa nimewakamata.

Ningeweza kumuuliza mama. Alikuwa uani, hatua kumi tu, anamchana nywele mdogo wangu. Lakini mtu wa shaka hamuulizi anayemshuku, anajua atajibiwa nini. Nilipita nyuma ya nyumba mpaka kwenye pipa, nikamkuta Koko anaibonyeza mihogo yake kwa vidole, keshavaa kikwembe cha Krismasi.

"Koko," nikamwambia, "haiko kutembea. Banakimbia."

Hakuacha kubonyeza. "Nani alikuambia?"

"Niliona sufuria. Na matela. Bamefunga na kamba, bamefunika na shuka."

"Uliona na macho yako?"

"Niliona."

Alitoa mkono majini, akaukung'uta, akaupangusa taratibu kwenye kitambaa cha kichwa ili asilowanishe kikwembe. Akaniambia nisimwambie mtu. Nilidhani ananilinda nisipigwe. Akarudisha mfuniko juu ya pipa na jiwe juu ya mfuniko, tukaenda na wengine ufukweni kana kwamba hakuna kitu.

Pale ufukweni, godoro na sufuria vilipotolewa kwenye baiskeli, watu waliviona na minong'ono ikaanza. Koko naye aliviona. Baba aliingia majini mpaka magotini, akamnyooshea mama yake mkono ampandishe botini. Koko akabaki amesimama kwenye mchanga mkavu.

"Mihogo yangu iko mu maji," alisema. "Nikienda itaoza."

Baba hakuelewa. "Mama, mihogo ni kitu gani? Tutanunua ingine."

"Ni chakula ya batoto yako. Muende. Mutanikuta."

Alimbembeleza. Mama naye alishuka botini kumbembeleza. Nahodha alipiga kelele kwamba upepo utabadilika. Baba alisema basi na sisi tusiende, na Koko akamkemea vikali, kwamba ameshawaahidi watoto na mtu mzima havunji ahadi kwa sababu ya mihogo. Halafu akamwekea kiganja shavuni, kitu ambacho sikuwahi kumwona akikifanya. Mimi alinitazama tu. Boti ilipoondoka alikuwa bado amesimama, na kikwembe chake kilionekana kwa muda mrefu kabla ya kupotea.

Nyumba ya wageni ilikuwa kama baba alivyosema. Kuta nyeupe, vyandarua, mchanga mpaka mlangoni. Mlinzi alitufungulia jiko, na jiko lilikuwa na mafiga tu. Wageni walitakiwa kuja na vyombo vyao, ndivyo mwenye nyumba alivyomwagiza baba tangu mwanzo. Mama akatoa sufuria yetu na mwiko, vitu alivyovificha chini ya shuka ili majirani wasidhani tunakimbia, akaanza kupika.

Na vitanda vilikuwa vya chuma vilivyosukwa kwa kamba, vinavyobonyea katikati. Baba alisimama mbele ya godoro lililofungwa, akaliangalia, akaliegemeza ukutani bila kulifungua.

"Nilileta ya Mama," alisema. "Mugongo yake haiwezi hii bitanda."

Nilitoka nje. Nilijiambia labda ni uongo mwingine, na nilitaka sana uwe uongo.

Siku ya kwanza tuliogelea. Baba aliingia ziwani na suruali iliyokunjwa, akaanguka, na mama akacheka mpaka akaingia naye, kikwembe na vyote. Sijawahi kuwaona tena hivyo. Siku ya pili tulikuwa tunajiandaa kwenda kuona stesheni ya treni, kama programu ilivyosema, boti ya kwanza ikatokea. Ilikuwa imejaa watu kuliko boti inavyotakiwa kujaa. Waliteremka kwenye ufukwe wetu wa likizo na sufuria vichwani na magodoro mabegani, na miongoni mwao kulikuwa na watu wa Lweba, majirani zetu, na watu wa Baraka. Vita vya pili vilikuwa vimefika kwetu. Baba alikwenda kwa kila mmoja akiuliza habari za mama yake, akiwa na viatu vyake vya kwenda kuona treni.

Jirani wa ungo alifika baada ya wiki. Yeye ndiye aliyetuambia. Wenye bunduki walipokaribia, mtaa mzima uliondoka, na yeye alipita kumchukua Koko. Koko akamjibu kwamba ana mihogo juani. Walipothubutu kurudi kutazama, walimkuta mlangoni ameshakufa, wakamzika nyuma ya jiko, karibu na pipa.

Katika kambi ya wakimbizi tulikaa miaka. Walipofungua shule walitafuta walimu, na baba akapanga foleni. Nilikuwa naye. Mwandikishaji alimuuliza vyeti vyake viko wapi, na mimi mwenyewe nilijua kwamba mwalimu wa kwetu akikimbia huanza kubeba vyeti ndipo abebe watoto. Safari ya Lubondja alivifunga kifuani ndani ya nailoni.

"Viko nyumbani," baba alisema. "Mu sanduku. Mi sikukuwa nakimbia. Nilikuwa natembea."

Mwandikishaji alicheka, na waliokuwa nyuma yetu wakacheka. Mimi nilitazama miguu yangu. Shaka yangu yote iliishia pale, na ningelipa chochote nirudishiwe.

Baba alizeeka akiilaumu mihogo. Kila ilipopikwa alisukuma sahani kando, akasema kama si mihogo ile mama yake angeiona stesheni ya treni. Mama alimwambia asiseme hivyo mbele za wajukuu. Nilikuwa hapo kila mara, na kila mara nilijiambia leo nitamwambia. Baba tulimzika mwaka jana, na sikumwambia.