Mwezi Mpevu na Kitanda cha Mama

Baba alijenga nyumba yetu ya Kilosa kwa kiinua mgongo cha reli, miaka ile ya soko huria, mabati ya nje yalipojaa madukani na kila aliyepunguzwa kazi akajiona fundi. Matofali ya kuchoma, udongo badala ya saruji, na mawe juu ya paa ili upepo usibebe bati. Alifariki kabla ya kupiga lipu.

Mwaka uliofuata, jioni moja, tetemeko dogo likapita. Sahani ziligongana, jiwe likaporomoka kutoka paani, na ufa ukajichora ukutani juu ya kitanda cha mama. Akahamia jikoni, kibanda cha miti na nyasi kilichokuwa uani.

“Nyasi zikiniangukia nitajipangusa,” alisema.

Tatizo ni kwamba mama alikuwa na pumu, na jiko lilikuwa la kuni. Niliporudi likizo kutoka chuo kikuu, nilimsikia akikohoa kabla sijamwona. Shikamoo yangu aliijibu kwa awamu mbili.

Nikaazimia kumrudisha ndani kwa elimu. Jirani yetu, mke wa mfugaji aliyehamia kutoka Shinyanga, alikuwa ameleta maziwa, akaketi kusikiliza. Nikaeleza kwamba mwezi huvuta bahari ikajaa na kupwa, na huvuta hata mwamba. Ardhi ya Kilosa hupanda na kushuka kidogo kila siku, wala kijiko hakianguki. Hapo ningepaswa kunyamaza. Lakini nikaongeza kwamba mwezi ukiwa mpevu au ukiandama huvuta pamoja na jua, na wapo wataalamu wanaohisi kuwa mwamba uliokwisha kuchoka huweza kusukumwa hapo ukateleza. Nguvu yenyewe ni ndogo, nikasema, na hakuna awezaye kutaja siku.

“Siku ile mwezi ulikuwaje?” mama akauliza.

“Mpevu!” jirani akadakia. “Nilikamua bila taa.”

“Imesadifu tu, mama. Mipevu mingapi imepita kimya?”

“Msomi,” jirani akasema, “huo mwezi unaonyanyua mawe, mbona unashindwa kumnyanyua mume wangu kitandani asubuhi?”

Mama alicheka mpaka akakohoa. Kisha akatoa hukumu. “Basi. Mpevu na mwandamo nitalala jikoni. Siku nyingine, kitandani kwangu.”

Nilifungua mdomo kusema kwamba tetemeko halisubiri mwezi. Nikaufunga. Ningeshinda ubishi, naye angebaki kwenye moshi mwezi mzima. Usiku huo alilala ndani, na asubuhi alinijibu shikamoo kwa pumzi moja.

Mwezi ulipopevuka nilikuwa bado nyumbani. Mama alikunja mkeka wake, akasimama mlangoni.

“Wewe unayejua, utalala wapi?”

Nilitazama ule ufa. Kisha nikatangulia jikoni, nikazima kuni kwa maji, nikasubiri moshi uishe, nikatandika mkeka wangu kando ya wake.