Pikipiki ya Watu Wawili

Majina ya watu wote waliomo katika habari hii ninayo kichwani, hata jina la mbwa aliyetukimbiza Ngaramtoni. Shule niliishia darasa la tatu, kwa hiyo kile ambacho wenzangu waliandika kwenye daftari mimi nilikiweka kichwani, na hakijatoka. Lakini wengine wamekufa, na wengine wana wajukuu wanaojua kusoma. Majina nitayaacha.

Mume wangu alikuwa dereva wa lori la kahawa. Alikwenda Tanga, alikwenda Dodoma, alikwenda Namanga, alikwenda mpaka Mombasa, na mimi nilikuwa Akheri na watoto saba, migomba, kahawa na ng'ombe wawili. Safari yangu ndefu kabisa ilikuwa kushuka Kimandolu kuuza ndizi. Akirudi nilikuwa namuuliza swali moja lile lile.

"Huo mlima, ukiuona kutoka upande ule mwingine, ukoje?"

"Ni mlima."

"Una msitu kama huku?"

"Mimi naangalia barabara, mama. Ningeangalia mlima ungekuwa mjane."

Sisi wa Akheri mlima Meru tunauona upande mmoja tu. Asubuhi uko wazi, saa nne umejifunika mawingu, basi. Nimezaliwa chini yake, nimeolewa chini yake, na nilikuwa sijui mgongo wake unafananaje. Jambo hilo lilinikera kama uzi uliokwama kwenye meno. Kupanda basi peke yangu kwenda kutazama mlima? Ningewaambia nini watu, na ng'ombe angekamuliwa na nani?

Ikaja miaka ile kila kitu kilipokuwa ruksa. Maduka yaliyokuwa na rafu tupu yakajaa sabuni za rangi, mitumba ikamwagwa chini sokoni Tengeru, na kazi za watu nazo zikaanza kupunguzwa. Mume wangu akapunguzwa. Wakampa kiinua mgongo, akarudi nyumbani na kofia yake ya udereva, akakaa siku nne anakunywa chai na kutazama migomba.

Siku ya tano wanetu wa kiume wakaja. "Baba, nunua pikapu."

"Sinunui. Gari ni la ukoo. Nikinunua gari, kesho nabeba mgonjwa, keshokutwa jeneza, Jumamosi bibi harusi. Nanunua pikipiki kubwa ya safari. Pikipiki ni ya watu wawili."

Nilikuwa nje namenya ndizi, masikio yangu yako ndani. Nikauliza kupitia dirishani, "Wa pili ni nani?"

"Wa pili ni yule anayeuliza mlima ukoje."

Kisu kilinikata kidole, na sikusikia maumivu mpaka baadaye.

Sasa, siyo pikipiki hizi ndogo mnazopandia leo kwenda sokoni. Yeye alitaka pikipiki ya kutoka mkoa mpaka mkoa. Mwaka ule za kununulika Arusha zilikuwa mbili. Ya kwanza ilikuwa ya Kijapani, iko Kimandolu kwenye uwanja wa mfanyabiashara mmoja aliyekuwa analeta vitu vilivyotumika kwa makontena. Ya pili ya Kijerumani, iko kwa Mzungu mzee wa misheni aliyekuwa anajiandaa kurudi kwao. Nyumbani kwetu hazikuitwa pikipiki. Ziliitwa Mjapani na Mjerumani, kama wachumba wawili waliokuja kuposa siku moja.

Mabishano yalikuwa makubwa. Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, alikuwa fundi baiskeli na hajawahi kupanda pikipiki hata moja, lakini alikuwa na majibu yote.

"Kaka, Mjapani hanywi mafuta. Na spea zake zimejaa mjini."

"Mjerumani hafi," mume wangu akasema.

"Hafi, lakini akiumwa utampeleka Ujerumani?"

"Mjapani mzuri kwenye lami. Ukitoka lami je?"

"Wewe unaenda kutalii au unaenda kulima?"

Wakati wanabishana mimi nilikuwa na jambo langu moja. Mimi ni mfupi, na nyonga yangu ya kushoto iliharibika zamani nilipoteleza na mzigo wa majani ya ng'ombe. Mjerumani alikuwa mrefu. Injini yake ilitoa mashavu huku na huku, na kiti kilinifika karibu na kifua. Siku tuliyokwenda kumwona nilijaribu mara tatu kuinua mguu, yule Mzungu akageuka kwa adabu akawa anatazama mbuzi wake. Mjapani alikuwa wa chini. Kiti kipana kama kochi, cha nyuma kina mahali pa kuegemea mgongo, usukani umeinuka kama pembe, na nikeli yake inameremeta hata ukijitazama unajiona umenenepa. Nilikaa juu yake mara moja tu, kama ninavyokaa kanisani. Nikasema moyoni: akinunuliwa huyu, ninakwenda. Akinunuliwa yule mrefu, ninabaki na ng'ombe wangu kama siku zote.

Mjapani akawa anaongoza. Mume wangu alimpenda yule mwingine, lakini aliniona nilivyokaa, akaacha kubishana.

Hapo ningeacha mambo yaende. Lakini mimi nimelelewa na mama aliyejua kununua ng'ombe, na tabia hiyo hainitoki. Kwetu ng'ombe hanunuliwi kwa kumtazama sokoni, ameogeshwa na kushibishwa chumvi. Unakwenda alfajiri nyumbani alikotoka, kabla hajaondolewa, unatazama alipolala. Hapo chini pana habari zake zote: anaharisha, anatoka damu, analala upande mmoja kwa sababu ana jipu. Mwenye ng'ombe anaweza kusema atakalo, malalo hayasemi uongo.

Nikamwambia mume wangu nataka kwenda kutazama malalo ya Mjapani.

Alicheka mpaka akaweka kikombe chini. "Mama, pikipiki haina kinyesi."

"Ina mkojo."

"Nenda basi. Ukikuta ndama uje naye."

Nikachukua ndizi zangu, nikafika Kimandolu jua halijapanda mlima. Mfanyabiashara alikuwa anaifuta Mjapani katikati ya uwanja. Nikamwamkia, nikampa ndizi mbili tamu, nikauliza, "Inalala wapi?"

"Pale, chini ya bati. Shikamoo mama, umekuja mapema."

Nikaenda chini ya bati. Palikuwa na maranda ya seremala, mapya, meupe, yametandazwa vizuri kama kitanda cha mgeni. Uwanja mzima una vumbi, halafu hapo tu pametandikwa. Nikayafukua kwa kidole cha mguu. Chini palikuwa peusi na palinata.

"Hiyo ya zamani, mama," akasema. Alikuwa amesimama nyuma yangu na kitambaa chake.

"Sawa, mwanangu."

Nikafagia maranda yote kwa ufagio wake mwenyewe, nikamsaidia kuisukuma Mjapani mpaka mahali pake, nikaenda kuuza ndizi. Saa nane nilipopita kurudi, pale chini palikuwa na kidimbwi cha oili kinachotosha kuoshea kikombe. Sisemi Wajapani wote. Nasema ile moja, na vile ilivyotunzwa na watu tusiowajua. Mfanyabiashara alikuna kichwa, akacheka.

"Mama, wewe ulikuwa polisi?"

"Nafuga."

Kesho yake nikaenda misheni. Mjerumani alikuwa analala kwenye kibanda pamoja na mbuzi, juu ya udongo mtupu. Nilipiga magoti, nikagusa, nikanusa. Udongo mkavu. Hata mbuzi walikuwa wasafi.

Nilirudi nyumbani taratibu kuliko siku zote. Njiani nilijiambia, nani amekutuma? Ningesema sikuona kitu. Oili si damu, shemeji angeiziba na mpira. Lakini niliwaza mume wangu amekaa kando ya barabara huko nisikokujua, na pikipiki imekufa chini yake, na mimi nimekaa nyuma nikiegemea kochi langu huku nikijua.

Nikamkuta anachanja kuni. Nikamwambia yote, ya maranda na ya udongo mkavu.

"Kwa hiyo Mjapani umemkataa mwenyewe," akasema.

"Nimemkataa."

"Na Mjerumani humfikii."

"Simfikii."

Akapasua magogo mengine mawili. Hakunitazama. Akasema, "Chai ipo?"

Juma lile akamnunua Mjerumani. Nilisikia injini ikipanda njia yetu, sauti nzito ya taratibu. Majirani wakatoka, shemeji akatoka, mimi nikabaki jikoni nachochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa. Nikamsikia anaita. Akaita tena.

"Mama! Njoo hapa juu!"

Juu? Nikatoka. Kwetu ni mlimani, njia zimechimbwa ndani ya kilima, na pembeni ya kila njia pana ukingo wa udongo unaofika kifuani, juu yake kahawa. Alikuwa ameegesha Mjerumani chini ya ukingo, karibu kabisa, kiti kiko sawa na nyasi.

"Usipande kutoka chini," akasema. "Panda kutoka juu. Kwani wewe ni mgeni wa nchi hii?"

Nikavuta gauni, nikapita kati ya mibuni miwili, nikanyoosha mguu mzima, nikakaa. Nilikuwa juu. Nikaona paa la nyumba yangu lina kutu mahali ambapo sikujua.

Wifi yangu akapiga kelele kutoka getini, "Wifi! Umekosa ng'ombe wa kupanda?"

"Ng'ombe hana breki!" nikamwambia.

Wiki mbili tulizunguka Akheri yote hivyo. Kanisani napanda kwenye ukingo wa makaburi, sokoni napanda kwenye ukingo wa mfereji. Nilishona gauni la marinda mapana ili nikae miguu huku na huku, maana kwa safari ndefu kukaa upande ni kutafuta kuanguka. Akina mama wa kikundi cha kanisa walinitazama. Mmoja aliniuliza kama ninaona vibaya. Nikamwambia kutoka kule juu ninaona vizuri sana.

Ndipo siku ya siku ikafika. Tukatoka asubuhi, tukakatiza mjini, tukachukua barabara ya Namanga. Ngaramtoni yule mbwa niliyemtaja akatukimbiza, akachoka. Halafu migomba ikaisha. Sikujua kama migomba inaweza kuisha. Mahindi yakawa mafupi, nyasi zikawa za manjano, upepo ukawa baridi na mkavu, na mlima wetu ukaanza kugeuka polepole kama mtu anayegeuza shingo.

Tulipofika Oldonyo Sambu nilimpiga begani. "Simama!"

Akasimama, akashika usukani, nami nikateleza chini upesi kama msichana. Kushuka hakuna kazi. Nikavuka barabara nikatazama.

Ulikuwa na mikunjo. Mikunjo mirefu, mikavu, kutoka juu mpaka chini, kama kitambaa kilichokamuliwa kikaachwa bila kunyooshwa. Msitu uko juu tu, kama kofia. Hakuna wingu hata moja. Mawingu yote yalikuwa kwetu! Nilisimama nikitafuta mahali ambapo Akheri ingekuwa kama ningeweza kupenya, nikawa nahesabu mikunjo, nikapotea, nikaanza tena.

"Umeona?" akasema. "Ni mlima."

"Nyamaza kidogo."

Nilipotosheka nikarudi kwenye pikipiki. Tukatazamana. Nchi yote ilikuwa tambarare. Kushoto tambarare, kulia tambarare, barabara iko sawa na nyasi. Hapakuwa na ukingo. Sisi watu wa mlimani, miaka yote hiyo, na yeye dereva wa mikoa mitano, hakuna aliyefikiri kwamba kuna mahali ambapo ardhi haina ngazi.

"Basi nitakubeba," akasema.

"Na pikipiki ashike nani?"

Akazunguka kutafuta kichuguu. Alipata kimoja, kinanifika kwenye kifundo cha mguu.

Wakaja akina mama wawili wafugaji na punda watatu waliobeba madumu ya maji. Wakasimama. Mkubwa wao, shanga zimemjaa shingoni, akanisalimia, "Shikamoo, yeyo," maana kwao mama ni yeyo. Kisha akamtazama mume wangu akizunguka kichuguu chake. "Baba imepoteza nini?"

"Anatafuta mahali pa kunipandishia."

Akamwambia mwenzake kwa Kimaasai, wakacheka mpaka punda mmoja akaondoka. "Yeyo imeshindwa kupanda punda yake! Sasa ilishukia nini?"

"Nilishuka kuutazama mlima. Nilitaka kuona nyuma yake."

Akaacha kucheka. "Nyuma? Hapa ni mbele. Nyuma ni huko kwenu, huko kwenye giza na matope."

Nikamuuliza ile mikunjo wanaiitaje, na maji wanayatoa wapi, na kama mvua ikija inatoka upande gani. Akanijibu yote, naye akaniuliza kama ni kweli kwetu ng'ombe anafungiwa ndani kama mfungwa. Wakati tunaongea alifungua kamba, akashusha madumu mawili yaliyojaa, akayaweka pamoja kando ya pikipiki. Akakanyaga yeye kwanza kuyajaribu. "Panda."

Nikapanda. Dumu lililojaa maji ni imara kama jiwe. Mume wangu ameshika usukani, mama yule amenishika kiuno, mwenzake ananisukuma bila haya, nikakaa.

"Tunashukuru sana," mume wangu akawaambia. "Sasa tunageuza, tunarudi."

"Nani kakwambia tunarudi?" nikasema. "Hii barabara inakwenda wapi?"

"Longido. Halafu Namanga."

"Na huko kukoje?"

Akasema, "Kusema kweli sijui. Nilikuwa naangalia barabara."

Akapiga kiki. Longido tulikuta hoteli ndogo yenye baraza ya saruji, imeinuka vizuri. Akaegesha pembeni yake, nikashukia barazani, nikaagiza chai ya watu wawili.