Alama Tisa za Shangazi

Shangazi yangu ana uwezo wa kulaza kidole gumba chake chali mpaka kikagusa mkono, na huufanya mchezo huo wakati usiofaa. Anakufanyia ukiwa unakula. Mteja akifika karakanani kulalamika kwamba kochi lake limechelewa, Shangazi hamjibu neno. Anakunja kidole mbele ya macho yake, mteja anapiga kelele, na kufikia hapo malalamiko yameshasahaulika.

Ni fundi wa makochi. Karakana yake ni chumba kirefu kilichojaa vumbi la sponji na mabaki ya vitambaa, na katikati huwa kuna kochi la mtu, mbao tupu, linasubiri kuvishwa. Misumari midogo huiweka mdomoni na kuongea nayo bila kumeza hata mmoja. Mtaani wanamwita Mpira. Hajawahi kuchukia jina hilo, tena hulitumia kujitambulisha kwa wageni.

Mdogo wake ni baba yangu, na yeye wanamwita Chuma. Alifundisha mazoezi ya viungo shuleni mpaka akastaafu, na hadi leo anaweza kuinama mbele ya wageni, magoti yamenyooka, viganja vyote viwili vikalala sakafuni. "Nidhamu!" husema huku kichwa kikiwa chini bado, halafu huinua jicho moja kuona nani anatazama. Suruali yake ya michezo ni ndefu, jua liwake lisiwake. Mimi binti yake sijawahi kumwona amevaa kaptura.

Kisha kuna mimi, msusi ambaye bega lake la kulia hutoka. Niko katikati ya kichwa cha mteja, nimeinua mikono, mara bega linachomoka na mkono unaning'inia. Mteja anageuka kuuliza kulikoni, anamkuta msusi wake anajisukuma ukutani kulirudisha. Wengine hawarudi tena. Nyumbani, Baba alikuwa na maelezo yake mafupi: "Uvivu huo. Asiyefanya mazoezi viungo vinalegea." Neno hilo nililichukia kuliko nilivyoyachukia maumivu, na wala sioni haya kulisema.

Daktari wa upasuaji alikuwa amekubali kulikaza bega, mpaka alipoliona kovu la gotini kwangu. Nilianguka zamani, jeraha dogo tu, lakini kovu ni pana, na ngozi yake nyembamba kama ganda la kitunguu. Akalishika, akaivuta ngozi kidogo, ikamfuata. Basi akasema hanigusi. Huenda nyama za mwili wangu hazishiki uzi, na kuna watu wa namna hiyo ambao hata mishipa yao ya damu hupasuka. Nikapelekwa kwa watafiti wa kolajeni.

Kolajeni, kama nilivyoelezwa, ndiyo inayoushikilia mwili usiachane: iko kwenye ngozi, kwenye kano, kwenye kuta za mishipa. Jeni ndizo zenye maelekezo ya kuitengeneza. Mtafiti alikuwa dada mmoja mcheshi, anayecheka kabla mzaha wake haujaisha. Alikuwa amezisoma jeni zangu na kukuta herufi moja imebadilika.

"Herufi hii sijaiona kwa mtu mwingine," aliniambia. "Huenda ndiyo mkosaji. Huenda pia ni mpita njia tu, haina hatia. Nikijua, daktari wako atajua ashone vipi na aogope nini. Nisipojua, hatakushona."

Akataka kuona ndugu. Mama hakuwa na herufi hiyo, na vidole vyake havikunjiki hata ukimbembeleza. Shangazi alikuwa nayo. Kipimo cha ulegevu kina alama tisa: vidole vidogo, vidole gumba, viwiko na magoti, kila upande na alama yake, kisha viganja kufika sakafuni. Shangazi akazoa zote tisa, kisha akagusa pua kwa ulimi na kudai aongezewe ya kumi.

"Sasa Baba," mtafiti akasema. "Kama wewe unayo na shangazi yako anayo, basi imepitia kwake. Ninachotaka ni kujua mwili wake ukoje. Ikiwa anayo na hajawahi kuteguka popote, itabidi nianze upya, na hilo bega lisubiri."

Baba aligoma katakata. "Mimi mzima! Nikapimwe uvivu wa mtu mwingine?"

Nilikwenda karakanani kulia. Shangazi akaitema misumari yote, jambo ambalo halitokei hovyo, akasema, "Niachie mimi huyo."

Jioni hiyo akaja kwetu, akakaa kwenye kiti alichokivisha mwenyewe, akaanza kuzungumza na Mama kwa sauti ya kusikika hadi barabarani. Baba alikuwa pembeni na gazeti lake.

"Wifi, nimepata tisa kwa tisa! Daktari ameshangaa. Akaniuliza, ndugu zako je? Nikamwambia ninaye mdogo wangu, zamani alikuwa anajikunjakunja, ila umri nao... Nikamkadiria alama nne. Tano, tukimhurumia."

Gazeti likashuka. "Nne?"

"Usijisumbue, mdogo wangu. Wengi wa rika lako hata hizo hawazifikishi."

Alimtia ufunguo, kisha akanywa chai yake taratibu na kuaga. Asubuhi tulimkuta Baba ametangulia kliniki, filimbi shingoni.

Mtafiti hakumficha kitu. Kabla hajamgusa alimweleza kipimo ni cha nini, mate atakayotoa ya kusomea jeni yatafanyiwa nini, na kwamba ana hiari ya kukataa. Baba alikuwa anaitikia kwa kichwa kama mtu anayesomewa kanuni za mashindano. Akapimwa. Akapata nane, maana kiwiko cha kushoto kilikataa.

"Nane," Shangazi akasema kutoka kwenye benchi. "Si haba."

"Pima tena hicho kiwiko!"

Kikapimwa tena, kikakataa tena. Lakini Baba alikuwa ameshavimba kichwa. "Umri huu! Haya ni matunda ya mazoezi, binti yangu."

"Inawezekana, mwalimu," mtafiti akasema. "Mazoezi nayo hulegeza viungo, ndiyo maana kukunjika peke yake hakunisaidii. Niambie, kuna kiungo kiliwahi kutoka mahali pake?"

"Hakuna."

"Hata mara moja?"

"Mimi? Chuma?"

Basi. Niliona bega langu likiondoka pamoja na jibu hilo. Machozi yakanitoka, nami sikuyafuta. Shangazi safari hii hakutania. Alisema polepole, "Mdogo wangu, mtoto hashonwi kwa sababu yako. Sema."

Baba akaigeuzageuza filimbi.

"Bega," akasema. "La kulia, kama lake." Alikuwa akiongea na filimbi. "Nilikuwa naingia stoo ya mipira, nafunga mlango, nashika chuma cha rafu, najilegeza mpaka linarudi. Halafu natoka napuliza filimbi. Wanafunzi walidhani naenda kutafuta mpira."

"Mara nyingi?" mtafiti akauliza.

"Hakuna muhula uliopita salama."

"Na magotini? Una makovu?"

Akainama, na siku hiyo hakuinama kwa maonyesho. Akapandisha suruali. Magoti yote mawili yalikuwa na makovu mapana, yenye ngozi nyembamba na mikunjo midogo. Kama langu. Mama, nilikuja kugundua baadaye, alikuwa anayajua na alikuwa ameapishwa.

"Kwa nini hukuniambia?" nikamuuliza.

"Mwalimu wa mazoezi anayetoka bega, nani atamsikiliza? Wangenicheka."

"Na mimi ulinicheka, Baba."

Akashusha suruali, akanitazama kwa mara ya kwanza tangu tuingie. "Kila nilipokuona ukijisukuma ukutani nilijiona mimi. Sikutaka kujiona. Nisamehe, mama."

Nilikuwa na hasira bado, na hasira yangu ilikuwa halali. Nikachukua kichupa cha mate, nikampa. Mdomo wake ulikuwa umekauka, mate hayaji. Shangazi akamwambia afikirie limau. Akatema kidogo, akakiinua kichupa kwenye mwanga.

"Huyu alifika wapi?" akauliza, akimwonyesha dada yake kwa kidevu.

"Kwenye mstari," mtafiti akasema. "Wote hufika kwenye mstari, mwalimu."

Majibu yalipokuja, herufi ilikuwa ileile kwetu watatu, na ile stoo ya mipira pamoja na magoti ya Baba vilimaliza ubishi. Herufi ilikuwa na hatia. Na aina yetu ni ile inayolegeza ngozi na viungo, si ile inayotisha kwa kupasua mishipa. Daktari akaandikiwa ashone kwa tabaka, na nyuzi achelewe kuzitoa. Akanipa tarehe.

Asubuhi ya upasuaji, wodini, nilikuwa navua sweta bega likachomoka. Nesi akakimbilia mlangoni kumwita daktari. Baba akanyanyuka kwenye kiti, akanishika kiwiko na kifundo cha mkono. "Usilisukume," akasema. "Pumua. Lisubiri." Akauzungusha mkono kidogo tu, na bega likaingia bila kelele. Nimelirudisha mwenyewe mara nyingi sana, na halijawahi kurudi kwa upole namna ile.

"Haya, wavivu wangu wawili," Shangazi akasema akifunga mlango, "daktari anakuja."

Baba alikuwa hajauachia mkono wangu. Nikamwambia nimemsamehe. Nikamwambia pia kwamba nane ni nane, na Shangazi bado anaongoza.